Maji Yasiyofika Baharini: Kazi ya Watafiti wa Mazingira Katika Wilaya za Mbulu na Hanang



Mara kwa mara huonekana katika vijiji vyetu wageni wenye kazi ambayo wengi hawaielewi. Huingia mtoni na kijiti chenye alama, hujaza maji katika chupa na kuandika juu yake, hugeuza mawe kutafuta wadudu, au hukaa ukingoni mwa ziwa tangu alfajiri wakihesabu ndege. Hawauzi kitu wala hawanunui kitu. Hao ni watafiti wa mazingira. Wengine hutoka vyuo vikuu vya hapa nchini, wengine taasisi za Serikali, na wengine nchi za nje.

Mwanachama akiwaona huuliza swali moja: wanatafuta nini, na sisi tutapata faida gani au hasara gani? Swali hilo ni la haki. Makala haya yanakusudia kulijibu, kwa sababu mavuno ambayo Vyama vyetu hukusanya kila msimu, yaani mahindi, ngano, mbaazi, alizeti na vitunguu, yote yatokana na udongo na maji yale yale ambayo watu hao huja kuyapima.

BONDE LISILO NA MLANGO

Kwanza yafaa ieleweke kwamba maji ya wilaya zetu hayafiki baharini. Nchi ya Tanzania imegawanywa katika mabonde 9 ya maji. Maji ya Pangani, Wami, Ruvu, Rufiji na Ruvuma huishia katika Bahari ya Hindi. Yetu huishia humu humu ndani ya nchi, na ndiyo maana tumo katika Bonde la Kati, ambalo Bodi yake ya Maji ina makao yake Singida.

Tazama njia za maji hayo. Mto Bubu huanzia nyanda za juu za Mbulu, hupita kusini kuelekea Kondoa, na kumalizikia katika kinamasi cha Bahi. Vijito vishukavyo ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Magara huingia Ziwa Manyara. Maji ya magharibi hukusanyika katika bonde la Yaeda, na yale ya chini ya mlima Hanang upande wa kaskazini huingia Ziwa Balangida, ambalo wakati wa kiangazi hukauka na kuacha chumvi ambayo Wabarbaig wameichota tangu zamani.

Kwa kuwa bonde halina mlango wa kutokea, maji huondoka kwa njia moja kubwa tu, nayo ni kugeuka mvuke kwa jua. Lakini mvuke hauchukui chumvi, wala tope, wala dawa ya kuulia wadudu. Vyote hivyo hubaki. Huko Rufiji, udongo ulioletwa na mto umejenga delta yenye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote katika Afrika ya Mashariki, na ziada yake humezwa na bahari. Kwetu hakuna bahari ya kumeza ziada. Kila debe la udongo litokalo shambani lina mahali litakapolala, na mahali hapo ni bwawa letu, kinamasi chetu au ziwa letu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza inayowaleta watafiti huku: katika bonde lililofungwa, makosa ya binadamu hayafichiki.

WANAPIMA NINI?

Kazi ya mtafiti yaweza kugawanywa katika sehemu nne, na kila sehemu ina hesabu ambayo mwanachama anaweza kuifanya mwenyewe.

Mvua. Kipimamvua ni chombo rahisi kuliko vyote, lakini faida yake ni kubwa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huwa lita moja ya maji. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,000. Kwa hiyo mvua ya milimita 50 iliyonyesha usiku mmoja imemwaga juu ya ekari moja lita zipatazo 200,000. Swali la mtafiti ni hili: lita hizo zimekwenda wapi? Zikiingia ardhini, zitalisha mimea na chemchemi. Zikikimbia juu ya ardhi, zitaondoka pamoja na udongo.

Mto. Ili kujua wingi wa maji yapitayo, mtafiti hupima upana wa mto, kina chake na mwendo wake. Tuchukue mfano wa kijito chenye upana wa mita 2 na kina cha wastani cha sentimita 30. Eneo la mkato wake ni mita za mraba 0.6. Kijiti kikitupwa majini kikasafiri mita 10 kwa sekunde 20, mwendo wake ni nusu mita kwa sekunde. Lakini maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini, kwa hiyo huchukuliwa sehemu 8 tu katika 10 za mwendo huo, yaani mita 0.4. Zidisha 0.6 kwa 0.4, nawe utapata mita za ujazo 0.24, yaani lita 240 kwa kila sekunde.

Hesabu hii si mchezo wa shule. Kijito hicho kikishuka mwezi Septemba hadi lita 60 kwa sekunde, na pampu moja ndogo ya kumwagilia ikivuta lita 10 kwa sekunde, basi pampu 6 zikiwashwa pamoja zitakikausha kabisa. Wale walio chini watakuta mchanga. Ugomvi mwingi wa maji huanza kwa sababu kila mmoja aamini kwamba pampu yake ni ndogo. Kipimo huonyesha kwamba pampu ndogo sita ni mto mzima.

Udongo. Mtafiti huchota maji ya mto wakati wa mafuriko, huyaacha yatulie, kisha hupima tope lililobaki chini. Ziwani hushusha kisahani cheusi na cheupe kilichofungwa kamba, akaangalia ni kwa kina gani kinapotea machoni. Njia hii ilibuniwa na Mwitalia Angelo Secchi mwaka 1865, na hadi leo haijapata ya kuipita kwa urahisi. Kisahani kikipotea karibu na uso wa maji, maji yamejaa tope au mwani. Mwanachama naye akumbuke hesabu hii: udongo wenye unene wa milimita moja tu ukiondolewa katika ekari moja ni mita za ujazo 4, nao una uzito wa tani 5 hivi. Hakuna mkulima atakayekubali kupakia tani 5 za udongo wake bora katika lori na kuzimwaga ziwani. Lakini mvua moja kali juu ya shamba lililolimwa kwa kufuata mteremko huweza kuifanya kazi hiyo bila malipo wala kelele.

Viumbe. Wengi hushangaa kuona mtu mzima mwenye elimu akihesabu wadudu wa mtoni. Sababu yake ni kwamba kipimo cha chupa hueleza hali ya maji ya saa ile tu, bali mdudu aishiye chini ya jiwe kwa miezi kadhaa ni shahidi wa muda mrefu. Wako wadudu wachanga wenye mikia mitatu wasiovumilia maji machafu. Wakitoweka, na mahali pao pakajaa minyoo myekundu, mtafiti hujua kwamba pana jambo lililotendeka huko juu, hata kama siku hiyo maji yanaonekana safi. Ndege nao huhesabiwa. Kila mwezi wa Januari ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi za Afrika, ili ijulikane kama wanaongezeka au wanapungua. Hata tembo wametoa elimu kwa njia hiyo ya uangalifu. Katika miaka ya 1960 Iain Douglas-Hamilton alikaa katika Hifadhi ya Ziwa Manyara akijifunza kumtambua tembo mmoja mmoja kwa umbo la masikio na pembe zake, na kutokana na kazi hiyo ikafahamika wazi kwamba makundi ya tembo huongozwa na majike wazee. Ujuzi wa aina hiyo ndio unaosaidia leo kujua ni njia ipi wanyama watapita, na ni mashamba yapi yatakuwa hatarini.

FUNZO LA ZIWA MANYARA

Mwaka 2004 heroe wengi, ndege ambao wengi huwaita flamingo, walikufa katika Ziwa Manyara na katika Ziwa Momela Kubwa huko Arumeru. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichunguza maji na mwani uliokuwa ndani yake. Heroe wadogo hula mwani wa rangi ya kijani-buluu, na katika jamii hiyo ya mwani wamo walio chakula na wamo walio sumu. Taarifa yao iliyotolewa mwaka 2006 ilitaja mwani wa sumu kuwa ndio uliowezekana kuwa chanzo cha vifo hivyo.

Mwanachama atasema: heroe si mazao yangu. Hiyo ni kweli. Lakini mwani hustawi pale maji yanapopata rutuba nyingi, na rutuba hutoka nchi kavu, pamoja na udongo, samadi na mbolea zilizosombwa. Aidha, sumu ya mwani haichagui ndege peke yao. Ng'ombe anyweshwaye maji yaliyojaa mwani wa namna hiyo naye yumo hatarini. Katika mabwawa yetu ya kunyweshea mifugo, maji yanayogeuka kijani kama rangi ya ukutani yasichukuliwe kuwa jambo la kawaida. Apewe taarifa ofisa mifugo, na mifugo wasinyweshwe hapo hadi apatikane wa kuyachunguza.

FUNZO LA HANANG

Tarehe 3 Desemba 2023 ni siku ambayo wilaya ya Hanang haitaisahau. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka, na tope lenye mawe na magogo likashuka kwa kufuata mikondo ya vijito hadi Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, na nyumba, mifugo na mashamba vikafukiwa. Wataalamu wa Serikali waliopanda kuchunguza walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba laini ilifyonza maji mengi, ikashindwa kujizuia, ikaporomoka.

Hanang ni mlima wa volkano wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, na milima ya aina hiyo ina tabaka za majivu ya kale yaliyokaa baina ya miamba migumu. Majivu hayo yakilowa hupoteza nguvu. Msitu husaidia kushika udongo wa juu na kupunguza kasi ya maji, lakini usidhaniwe kuwa unaweza kuzuia kila poromoko, hasa lile linaloanzia chini kabisa katika mwamba. Kwa hiyo ulinzi wa misitu uende pamoja na ulinzi wa watu: kujua mikondo ya zamani ya tope ni ipi, na kutojenga ndani yake, hata kama imekuwa mikavu kwa miaka mingi na ardhi yake ina rutuba.

Ziko dalili ambazo kila mkazi wa chini ya mlima anapaswa kuzijua. Kijito kinachopungua ghafula wakati mvua ingali inanyesha huenda kimezibwa huko juu, na kizuizi hicho chaweza kupasuka. Maji yanayobadilika upesi na kuwa mazito kama uji, nyufa mpya katika mteremko, miti iliyoanza kuinama, na mngurumo unaozidi kukaribia: hizi zote ni amri ya kuondoka. Tena mtu asikimbie kufuata bonde la kijito, bali apande pembeni mahali pa juu. Hapa kipimamvua kinachosomwa kila asubuhi kina thamani kuliko ile ya kilimo, kwani mlima uliokwisha lowa kwa siku nyingi hauhitaji tena mvua kubwa sana ili uporomoke.

MTAFITI NAYE HUFUNDISHWA

Isidhaniwe kwamba elimu hutoka kwa mgeni peke yake. Wairaqw wa Kainam na sehemu za jirani wamelima miteremko mikali kwa muda mrefu sana kwa kutumia samadi, matuta, mifereji ya kutoa maji na majani ya malisho yaliyopandwa mipakani. Watafiti wengi wamekuja kuusoma ukulima huo. Mmoja wao, Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm, alitoa utafiti wake mwaka 2004. Zamani wasomi walidai kwamba Wairaqw walilima kwa bidii hivyo kwa sababu tu walizingirwa na maadui na kukosa mahali pa kwenda. Börjeson aliipinga hoja hiyo, akaonyesha kwamba mashamba yale ni matokeo ya kazi ndogo ndogo zilizoongezwa mwaka hadi mwaka na kizazi hadi kizazi. Maana yake kwetu ni kwamba tuta la babu ni akiba. Anayelibomoa ili apate mistari miwili zaidi ya mahindi anatumia akiba ambayo hakuiweka yeye.

HOFU YA WANACHAMA

Hapana budi kusema wazi kwamba wako wanachama wanaowaogopa watafiti. Wazee wanakumbuka mipango ya kupunguza mifugo ya wakati wa ukoloni, ambayo nayo ilianza kwa kuhesabu. Wengine husema: leo wamehesabu miti na tembo, kesho mpaka wa hifadhi utakuwa kwenye zizi langu. Hofu hiyo haikutoka hewani. Msitu wa Marang, ulio juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara mwaka 2009, na sheria za hifadhi ya taifa haziruhusu matumizi ambayo msitu wa kawaida waweza kuruhusu.

Lakini uko mfano mwingine kwa majirani zetu wa Babati. Serikali ilikuwa na mpango wa kuutenga msitu wa miombo wa Duru-Haitemba uwe msitu wake, na wananchi wakapinga. Vijiji 8 vilichora mipaka yake, vikaweka sheria ndogo na walinzi wake, na kuanzia mwaka 1994 msitu ukawa mikononi mwa vijiji hivyo. Njia hiyo baadaye ilipata nguvu kamili katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Vivyo hivyo Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, waliingia tangu mwaka 2011 katika mradi wa hewa ya ukaa, ambamo vijana wa vijiji huzunguka msituni, huandika wanyama waliowaona na miti iliyokatwa, na kumbukumbu hizo huwa msingi wa fedha zinazolipwa kwa jamii kwa kuuhifadhi msitu.

Mifano hii yaonyesha kwamba hatari haiko katika hesabu yenyewe. Hatari iko pale ambapo hesabu yote iko mikononi mwa wengine, na kijiji hakina hata daftari moja la kuweka mezani. Anayekwenda kwenye kikao bila kumbukumbu husikiliza. Anayekwenda na kumbukumbu za miaka kumi husikilizwa.

WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI

Kwa hiyo Makatibu wanashauriwa kuyafikisha mambo yafuatayo kwa Kamati zao na kwa Mkutano Mkuu wa wanachama:

1. Mtafiti anapofika aombwe kuonyesha barua na kibali chake. Watafiti kutoka nje huhitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na utafiti wa wanyamapori hupitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania. Aanzie kwa Serikali ya Kijiji. Chama si mahali pa kuipita Serikali hiyo.

2. Aulizwe mbele ya mashahidi: unapima nini, kwa muda gani, na matokeo utayaleta lini na kwa lugha gani? Ahadi yake iandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za vikao. Nakala ya matokeo ibaki kijijini, kwa Kiswahili kinachoeleweka.

3. Kila Chama kiwe na kipimamvua kimoja penye ghala au ofisi, kisomwe kila siku saa 3 asubuhi na mtu mmoja aliyeteuliwa, na msaidizi wake ajulikane. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, isiachwe wazi.

4. Mara moja kila mwezi kijito kikuu cha eneo la Chama kipimwe kwa njia ya kijiti iliyoelezwa hapo juu, mahali pale pale kila mara. Tarakimu hizo ndizo zitakazotumika katika mazungumzo ya zamu za maji na Jumuiya ya Watumia Maji.

5. Wanachama wakumbushwe kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Bora Chama kipime mita hizo na wanachama kwa amani, kuliko kungoja zipimwe wakati wa ugomvi.

6. Bomba la kunyunyizia dawa lisioshwe mtoni kamwe. Maji ya kuoshea yanyunyiziwe katika shamba lile lile lililopigwa dawa. Makopo yasitumike kuchotea maji.

7. Vyama vya chini ya mlima Hanang viandike mikondo yote ya tope iliyojulikana, pamoja na ile ya zamani inayokumbukwa na wazee, na orodha hiyo ipelekwe kwa Serikali ya Kijiji na Halmashauri ya Wilaya.

Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zahitaji daftari, kalamu, kamba yenye alama, na mtu asiyechoka. Vyama vyetu vimezoea kupima magunia kwa uangalifu, na mwanachama yeyote huja juu mizani ikimdhulumu kilo moja. Basi uangalifu ule ule na upelekwe kwenye mvua na mto, kwa sababu kilo zile zilianzia huko. Bonde letu halina mlango: tulichokitunza kitabaki kwetu, na tulichokiharibu nacho kitabaki kwetu.